Kumuuliza mteja kwa Kiingereza bila kumkera

Mnunuzi wa minofu ya sangara aliye Ulaya haandiki kama tunavyoandikiana hapa Mwanza. Hajulii hali, anaingia moja kwa moja:

"Please send 20 tonnes, skinless, 300-500, packing as last time. Must arrive by 05/06."

Wengi kwenye madawati ya mauzo hapo hubahatisha, au hujibu "I don't understand, explain." Kubahatisha ni hasara, na jibu hilo linamwachia mteja kazi ya kutafuta usichoelewa ni kipi. Fanya hivi.

Hatua ya 1: Tenga kinachoeleweka na kisichoeleweka. Uzito, saizi ya gramu 300 hadi 500 na kutolewa ngozi havina shida. Ufungashaji, fungua ankara ya mzigo uliopita. Ukiukuta humo usiulize, maana hakuna kinachomchosha mteja kama kuulizwa alichokwisha kuandika. Yanabaki mawili. Kwanza, minofu ipozwe au igandishwe? Ya kupozwa husafiri kwa ndege, ya kugandishwa huenda na meli kwenye kontena la friji. Ukikosea hapo ndiyo basi tena. Pili, tarehe: 05/06 kwa Mwingereza ni 5 Juni, kwa Mmarekani ni 6 Mei.

Hatua ya 2: Anza na ulichoelewa. Sentensi moja inatosha:

"Thank you for your order. We have noted 20 tonnes of skinless fillets, 300-500 g, packed as before."

Hatua ya 3: Uliza kwa kumpa la kuchagua. Hapa ndipo penye kazi yenyewe.

"Could you please confirm whether the fillets should be chilled or frozen?"

Anajibu kwa neno moja, hata akiwa njiani na simu mkononi. Adabu yote imebebwa na "could you please". Usiandike "I request you to explain me". Kwetu ni unyenyekevu, kwake inasikika kama hati ya kuitwa shaurini. Wala usimwambie "Your email is not clear." Lawama ichukue wewe:

"I would like to be sure we have the date right. Is it 5 June?"

Mwezi uandike kwa herufi, kila mara. Na "sorry" moja inatosha. Zikifika tatu mteja ataanza kuhisi samaki wameoza.

Hatua ya 4: Taja lini unahitaji jibu, na kwa nini.

"So that we can book transport, could you reply by 10:00 East Africa Time on Tuesday?"

Angalia saa! Saa nne asubuhi yetu ni 10:00. Ukiandika 4:00 umemwamsha usiku wa manane.

Kwenye simu mambo ni mepesi zaidi, ila namba zinadanganya, hasa 15 na 50. Usiitikie "yes, yes" huku hujasikia. Sema:

"Sorry, I didn't catch the last figure. Was it fifteen or fifty?"

Ukikata tu, mwandikie barua pepe inayoanza na "As discussed on the phone", kisha weka takwimu zote, na bosi wako awekwe kwenye nakala.