Somo: Namna ya kusoma kibonzo cha hofu ya fedha, kwa mfano wa London, 1797

Kibonzo tutakachokisoma ni cha James Gillray, kilichotolewa London tarehe 22 Mei 1797. Kinamwonyesha ajuza aliyeketi juu ya sanduku lenye kufuli, akipiga ukelele, huku bwana mmoja mwembamba mwenye pua iliyochongoka akimkumbatia kwa nguvu na kumtia mkono mfukoni.

Hatua ya kwanza: yasome mavazi kabla ya nyuso. Wanafunzi wengi hukimbilia kuuliza yule bwana ni nani, na jibu lake si gumu, kwani ni William Pitt, Waziri Mkuu wa wakati huo. Lakini utamu wa picha umo katika gauni. Ukilitazama kwa karibu utaona kwamba halikushonwa kwa kitambaa bali kwa noti, na kwamba sanduku lina jina la Benki Kuu ya Uingereza, ambayo ndiyo ajuza mwenyewe.

Hatua ya pili: ifuate dhahabu. Imo sandukuni na mfukoni, mahali ambapo mkono wa Pitt umekwisha kufika, ilhali anachokiona mpita njia ni karatasi tu.

Hatua ya tatu: rudi kwenye kalenda. Tarehe 22 Februari 1797 askari wapatao 1,400 waliotumwa na Ufaransa waliteremka pwani ya Wales, karibu na Fishguard, na hofu iliyokuwa imekwisha kuanza ikazidi. Watu walitaka noti zao zibadilishwe kwa dhahabu, wakati akiba ya Benki ilikuwa imepungua kwa sababu ya gharama za vita na mikopo ya serikali. Jumapili, tarehe 26, Baraza la Mfalme liliamuru Benki isitishe malipo ya dhahabu. Hadi hapo noti yake ndogo kuliko zote ilikuwa ya pauni 5. Baadaye zikatolewa za pauni 1 na 2, kwa hiyo gauni lile lilikuwa habari mpya kabisa kwa mtazamaji.

Hatua ya nne: linganisha. Tarehe 9 Machi Gillray alikuwa amekwisha kumchora Pitt kama Midas, mfalme wa hadithi za Kigiriki ambaye kila alichokigusa kiligeuka dhahabu, tumbo limejaa sarafu na kinywa kinatapika noti. Mimi naiona hiyo kuwa kali zaidi, ingawa ya ajuza ndiyo iliyodumu.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, dhahabu ilirudi lini?
Jibu: Malipo kamili yalirejea mwaka 1821. Jina la utani lililotokana na ajuza huyo, Bibi Mzee wa Mtaa wa Threadneedle, yaani mtaa iliko Benki, Benki inalo hadi leo.

Swali: Je, hatua hizi zinafaa kwa vibonzo vya Marekani?
Jibu: Zinafaa, ndugu yangu, hasa ile ya pili. Chukua picha ya Edward Williams Clay kuhusu hofu ya fedha ya Marekani ya 1837. Wengi huvutwa na kofia, miwani na kiko cha Rais Andrew Jackson, aliyekwisha kuondoka madarakani, vikielea angani. Wewe yatazame majengo: forodha imebandika tangazo kwamba inapokea sarafu za dhahabu na fedha tu, na benki imebandika lake kwamba haitoi sarafu.