Namna ya Kutunza Barua na Miswada ya Mzee Aliyeandika Historia ya Kwao: Mwongozo kwa Familia za Lindi na Mtwara

Karatasi za mzee aliyekuwa akiandika historia ya mji wake huwa salama kiasi wakati yeye mwenyewe yu hai, kwa sababu hakuna anayethubutu kuzigusa. Hatari huja katika majuma machache baada ya mazishi, chumba chake kinapofagiliwa ili wageni wa hitima wapate mahali pa kulala. Nililiona jambo hilo Mikindani, katika nyumba ya mzee aliyekusanya habari za koo, majahazi na mashamba ya mkonge kwa zaidi ya miaka thelathini. Vitabu viwili vyenye jalada imara viliwekwa kabatini kwa heshima, lakini barua na madaftari yaliyokuwa chini ya kitanda yalikwenda kuwashia moto wa jikoni. Hakuna aliyekusudia ubaya. Waliokuwa wakipika waliona karatasi kuukuu, nami nilifika siku mbili baadaye. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya familia ambayo bado ina nafasi ya kufanya vinginevyo.

Mzee ninayemzungumzia si lazima awe msomi wa chuo kikuu. Huenda alikuwa mwalimu mstaafu, karani wa bandari, katekista au imamu, ambaye aliwaandikia watu wa kawaida habari za mahali pao. Waandishi wa namna hiyo wapo kila nchi. Katika nyanda za nyasi za Kanada alikuwapo James H. Gray (1906–1998), aliyeonja ukosefu wa kazi mjini Winnipeg katika miaka ya 1930, akawa mwandishi wa gazeti, kisha mwaka 1966 akatoa kitabu kilichowasimulia wasomaji wa kawaida miaka ile ya dhiki. Sisi tunaye Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, aliyetunga utenzi wa Vita vya Maji Maji vya 1905–1907, utenzi ambao ulichapwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1957. Kitabu kilichokwisha kuchapwa kina nakala nyingi na kinaweza kupatikana tena. Barua aliyoandikiwa mtunzi, daftari la mahojiano yake na rasimu aliyoifuta na kuiandika upya ni vitu vya pekee, na ndani yake ndimo tunamoona alivyojua alichokijua, nani alimweleza, na ni kitu gani aliamua kukiacha nje ya kitabu.

Kwa hiyo, hatua ya kwanza ni kutopanga chochote. Ingieni chumbani na simu, mpige picha ya kila rafu, kila sanduku na kila furushi likiwa mahali pake, kabla ya mkono wa mtu yeyote kuligusa. Mpangilio wa mwenye karatasi, hata ukionekana ni fujo, una maana yake. Barua iliyochomekwa katikati ya daftari, kwenye ukurasa unaoeleza reli ya mradi wa karanga wa Nachingwea, yawezekana ndiyo chanzo cha maelezo ya ukurasa huo. Mkiichomoa na kuiweka kwenye rundo la "barua zote", mmeukata uzi ambao hakuna atakayeuunga tena. Kila furushi lipewe namba, liandikiwe mahali lilipokutwa, na libaki furushi lile lile hadi mwisho wa kazi.

Jambo la pili ni kikao cha familia, nalo lisicheleweshwe. Kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao, ambao ukoo wao kwa desturi umefuata upande wa mama, mpwa wa marehemu anaweza kuwa na sauti kubwa kuliko anavyodhani mtoto aliyekulia Dar es Salaam, na mahali pengine sheria ya mirathi ya Kiislamu ndiyo inayotangulia. Si kazi yangu kuamua nani mrithi. Ninachosisitiza ni kwamba achaguliwe mtu mmoja wa kushika karatasi, achaguliwe mwingine wa kujua mahali zilipo, na makubaliano hayo yaandikwe na kutiwa saini mbele ya wazee. Katika kikao hicho hicho mtajadili barua za siri, kwa maana hazikosi: za madeni, za talaka, za ugomvi wa mashamba ya mikorosho. Ushauri wangu ni kwamba zisichomwe. Ziwekwe katika bahasha, bahasha ifungwe, na juu yake paandikwe mwaka ambao inaruhusiwa kufunguliwa, labda baada ya watu wote wanaotajwa kuwa wamekwisha kufariki.

Kuhusu karatasi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu nina maneno mengi zaidi, kwa sababu hizo ndizo zinazopotea kwa nia njema. Wazee wengi wa pwani waliandika Kiswahili kwa herufi hizo, na vijana wasiojua kuzisoma hudhani kila karatasi ya aina hiyo ni Kurani au dua, hivyo huizika au kuichoma ili isidhalilishwe. Bismillahi iliyo kichwani mwa barua haiifanyi barua kuwa msahafu. Mwombeni sheikh au mwalimu wa madrasa asome mistari michache ya kila karatasi, aseme ni lugha gani na inahusu nini. Kurasa zikiwa zimeachana, msikisie mfuatano wake: funueni kurasa mbili, mtazame chini ya ule wa kulia, upande wa kushoto, ambapo waandishi wa hati hizo mara nyingi waliweka neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Tarehe nazo zitakuwa za Hijria. Mwaka 1323, kwa mfano, ulianza Machi 1905 na kumalizika Februari 1906, kwa hiyo barua yenye tarehe hiyo iliandikwa ama kuelekea vita vya Maji Maji ama vita vikiwa vinapiganwa. Tarehe ya Kimiladi iandikwe kwenye orodha yenu, kamwe isiandikwe juu ya barua.

Kazi ya kushika karatasi ifanywe kwa mikono iliyooshwa na kukaushwa vizuri. Glovu za kitambaa hazifai, kwa kuwa vidole hupoteza hisia na karatasi dhaifu huchanika. Meza iwe tupu, chai na mafuta viwe mbali, na kalamu inayoruhusiwa mezani iwe penseli peke yake. Vumbi liondolewe kwa brashi laini, kutoka katikati ya ukurasa kuelekea nje. Kisha mtakutana na adui anayependa sana miji yetu, yaani kutu. Hewa ya bahari ina chumvi, na pini au stepla iliyokaa miaka ishirini katika nyumba ya Mikindani au Kilwa Kivinje huwa imekwisha kula karatasi kuizunguka. Msiivute. Pitisheni kipande chembamba cha plastiki ngumu kati ya pini na karatasi, inueni miguu ya stepla kwa ncha ya kisu butu upande wa nyuma, kisha itoeni polepole. Karatasi zilizokuwa zimefungwa pamoja zibaki pamoja ndani ya karatasi nyeupe iliyokunjwa. Vipande vya magazeti vitengwe na barua kwa karatasi safi pande zote mbili, kwa sababu karatasi ya gazeti ina asidi na hupaka rangi ya kahawia chochote inachokigusa. Palipochanika pasibandikwe selotepu, kwani gundi yake hugeuka njano, huingia ndani ya karatasi na haitoki tena. Kulamineti ni kosa kubwa zaidi, hata kama duka la fotokopi litawashauri hivyo kwa moyo mwema: joto la mashine huunguza karatasi, na plastiki haiwezi kubanduliwa bila kuiharibu.

Mahali pa kuhifadhi panahitaji kufikiriwa kwa namna ya hapa kwetu. Miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya nchi baridi na kavu haitutoshi, maana kuvu huanza kustawi unyevu wa hewa ukizidi takriban asilimia 65, na pwani yetu hupita kiwango hicho miezi mingi ya mwaka. Sanduku la bati lililowekwa chini ya paa la bati hugeuka tanuri mchana na kutoa jasho usiku. Mfuko wa nailoni uliofungwa kabisa huhifadhi unyevu pamoja na karatasi, na baada ya masika moja mtafungua mkute madoa ya kijivu. Kilicho bora, kwa gharama ndogo, ni kuifunga kila rundo kwa karatasi nyeupe za fotokopi, kisha kwa kitambaa cha amerikani kilichofuliwa mara mbili ili kutoa wanga. Kanga na kaniki hazifai kwa sababu rangi yake huchuja ikipata maji. Mafurushi hayo yalazwe katika boksi imara, juu ya rafu iliyo mbali na ukuta kwa upana wa kiganja na juu ya sakafu kwa kiasi cha kufikiwa na ufagio, ili njia ya udongo ya mchwa ionekane mapema. Chumba kiwe cha ndani, kisichopigwa na jua la magharibi, na kifunguliwe madirisha siku ambazo hewa ni kavu.

Nimeona watu wakiweka mchele ndani ya boksi ili uvute unyevu. Mchele huita panya na wadudu. Majani ya mwarobaini na karafuu huenda yakawafukuza wadudu wachache, lakini yakigusana na karatasi huacha madoa, kwa hiyo yakae nje ya boksi. Mafuta ya taa yasikaribie kabisa.

Mkikuta mende, nondo au wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha wasio na mabawa, au unga mbichi wa karatasi iliyotafunwa, dawa iliyo salama ni baridi. Katika nyumba nyingi za Lindi na Mtwara kuna friza ya samaki na pweza, nayo inatosha, mradi isafishwe na isitumiwe kwa chakula muda huo. Furushi lifungwe ndani ya mifuko miwili ya plastiki, hewa itolewe kadiri inavyowezekana, likae katika nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili mfululizo, kisha litolewe na kuachwa likiwa bado limefungwa kwa siku nzima. Mkifungua mara tu linapotoka, maji ya hewa yatatua juu ya karatasi na mtakuwa mmeongeza tatizo la pili.

Friza hiyo hiyo huokoa karatasi zilizolowa. Mkoa wa Lindi unakumbuka tufani ya Aprili 1952, na mvua zilizokuja na kimbunga Hidaya mwezi Mei 2024 zilikata barabara upande wa Kilwa; paa kuvuja si jambo la kubahatisha huku kwetu. Karatasi iliyolowa huanza kuota kuvu ndani ya saa 48 hivi. Chache zitandazwe kivulini juu ya kitambaa cheupe, feni ikipuliza hewa pembeni, wala zisianikwe juani, kwa sababu hukunjamana na wino hufifia. Zikiwa nyingi kupita uwezo wenu, zigandisheni kwanza, mzikaushe kidogo kidogo baadaye. Madaftari yaliyogandamana yasibanduliwe yakiwa maji. Angalieni hasa maandishi ya wino wa zambarau, maana hutiririka upesi kuliko yote.

Baada ya hayo ndipo ije orodha. Daftari moja gumu linatosha: namba, mahali pa kukutwa, aina ya karatasi, tarehe ikiwa imeandikwa, aliyeandika, aliyeandikiwa, na maneno machache juu ya yaliyomo. Namba hiyo iandikwe kwa penseli nyepesi nyuma ya karatasi, pembeni. Kisha kila ukurasa upigwe picha karibu na dirisha, bila mwanga wa simu, mtu mmoja akifunua na mwingine akipiga, kikaratasi chenye namba kikionekana kando. Kingo za ukurasa zionekane zote, kwani mzee huyu yawezekana aliandika jina la msimulizi wake pembezoni, na programu zinazokata kingo zenyewe hulifuta. Picha zihifadhiwe mahali patatu: kwenye kompyuta, kwenye diski iliyo katika nyumba nyingine, na kwenye hifadhi ya mtandaoni ambayo watu wawili wanajua nywila yake. Simu peke yake si hifadhi.

Wakati bado wapo wanaokumbuka, wasomeeni. Chukueni barua kumi zilizojaa majina ya mkato na lakabu, mketi na shangazi au rafiki wa marehemu, mrekodi anapoeleza "Bwana Fundi wa Sudi" alikuwa nani. Maelezo hayo yaandikwe kwenye karatasi nyingine yenye jina la msemaji na tarehe.

Familia nyingi hatimaye hutaka kukabidhi karatasi mahali penye ulinzi mkubwa zaidi. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, inayofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2002, na Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yenye mkusanyo wa miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ni mahali pa kuanzia mazungumzo. Msikabidhi kwa mdomo. Mkataba uonyeshe ni vitu gani vimetolewa, kama ni zawadi au amana, nani ataruhusiwa kuvisoma, na kwamba familia itapewa nakala. Kumbukeni pia kwamba karatasi ya barua ni mali ya aliyeipokea, lakini maneno yaliyomo ni ya aliyeyaandika. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haki hiyo haifi pamoja naye, bali huendelea kwa warithi wake kwa miongo kadhaa, hivyo barua ambazo marehemu aliandikiwa na wengine msizichape kitabuni bila kuwatafuta wenyewe au watoto wao. Mgeni yeyote anayetaka kuondoka na daftari "alisome siku mbili" alisomee pale pale mezani.

Zilizobaki nyumbani zikaguliwe mara mbili kwa mwaka: mwezi Oktoba kabla ya mvua, na mwezi Juni zinapokwisha. Mwenye dhamana afungue kila boksi, anuse kama kuna harufu ya kuvu, apitishe mkono nyuma ya rafu kutafuta udongo wa mchwa, alinganishe mafurushi na orodha moja baada ya jingine, kisha aandike tarehe na jina lake katika ukurasa wa mwisho wa daftari.