SOMO: Kuendesha pikipiki ya porini yenye klachi ya otomatiki

Wakuu, wengi wakisikia klachi ya otomatiki wanadhani pikipiki inageuka skuta. Sivyo. Gia unaendelea kupiga kwa mguu kama kawaida. Kilichobadilika ni kwamba hubani leva ya klachi (ile ya mkono wa kushoto) wakati wa kuondoka, na ukisimama ghafla kwenye mawe injini haizimi. Honda waliweka klachi ya namna hii kwenye Super Cub tangu 1958. Kwenye pikipiki za porini, mara nyingi huwa ni kifaa unachonunua na kufunga mwenyewe, na jina linalojulikana zaidi ni Rekluse ya Marekani.

Ndani, katikati ya pleti za klachi, kuna diski yenye vipande vya chuma vinavyoteleza. Injini ikiwa kwenye sailensi, yaani inawaka taratibu bila kuongezwa mafuta, springi zinavizuia na klachi inabaki wazi: injini haivuti gurudumu. Ukiongeza mafuta kwa kuzungusha gripu (mpini) ya kulia, mzunguko unavisukuma nje, diski inanenepa, pleti zinabanana na gurudumu linaanza kuvuta. Shika picha hii kichwani, maana kila kosa la uendeshaji linatokana na kuisahau.

Hatua ya 1: Kufunga
Ilaze pikipiki upande usio na klachi ili usimwage oili yote. Ukishatoa pleti, pitisha ukucha kwenye kingo za hauzingi, yaani kikapu kinachoshika pleti. Ukucha ukinasa kwenye vishimo, pleti nazo zitanasa, na hakuna klachi mpya itakayofanya kazi vizuri hapo. Loweka pleti mpya kwenye oili dakika 5 au zaidi, kisha zipange kwa mfuatano wa kwenye mwongozo wa kifaa chako. Kaza bolti kwa spana ya kupimia nguvu. Oili iwe na alama ya JASO MA, kipimo cha oili za pikipiki ambazo klachi yake inakaa ndani ya oili. Oili za magari zenye viungo vya kupunguza msuguano zinafanya pleti ziteleze.

Hatua ya 2: Kuseti leva
Hapa ndipo penye uhai wa klachi yako, naomba tusipapite haraka. Diski inaponenepa inainua presha pleti (ile ya juu inayozibana nyingine) kidogo, na leva inalegea. Ulegevu huo ndio kipimo chetu. Pasha injini moto, weka nyutro, funga raba bendi kutoka kwenye leva hadi kwenye gripu. Sasa piga resi mara moja huku ukitazama ncha ya leva: inatakiwa isogee kuelekea gripu kama milimita 3. Isiposogea, nafasi kati ya pleti ni kubwa mno; diski inanenepa lakini haibani vya kutosha, na klachi itateleza mpaka iungue. Ikisogea sana, nafasi ni ndogo, na pikipiki itakuwa inavuta hata hujagusa mafuta. Rekebisha kwenye skrubu ya kebo, au kwenye silinda ya klachi kama ni ya haidroliki. Pima kila unapotoka. Ni kazi ya nusu dakika.

Hatua ya 3: Kuondoka na kupanda
Ingiza gia ya kwanza ukiwa umekanyaga breki, achia, ongeza mafuta taratibu. Kwenye mlima tumia gia ndogo. Kupanda na gia ya tatu huku injini inalalamika kunafanya pleti ziteleze muda mrefu, na joto ndilo linaloua klachi hizi.

Hatua ya 4: Kushuka
Hapa ndipo watu wanapoanguka. Ukifunga mafuta kabisa na mwendo ukashuka sana, mzunguko unarudi kwenye sailensi, klachi inafunguka, na breki ya injini, yaani injini kuizuia pikipiki ukifunga mafuta, inapotea papo hapo. Pikipiki inaachia na kukimbia. Dawa yake: gusa mafuta kidogo tu, klachi ishike tena, halafu funga. Fanya hivyo kabla hujaingia kwenye mteremko, na vidole viwe tayari kwenye breki. Jizoeze kwanza kwenye mteremko mfupi usio na mawe.

Hatua ya 5: Kuegesha
Ikizimwa, gia haiishiki. Iegeshe mahali tambarare au iegemeze. Na usishuke injini ikiwa inawaka na gia imo. Mtu akigusa mafuta tu, inaondoka bila wewe.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, betri ikifa porini naweza kuisukuma iwake?
Jibu: Hapana. Gurudumu linazunguka, lakini klachi iko wazi, injini haipati kitu. Kama pikipiki yako ina kiki, usiitoe. Kama haina, beba kifaa kidogo cha kuwashia.

Swali: Nikiweka gia ya kwanza asubuhi inatambaa yenyewe. Ni mbovu?
Jibu: Ikiwa ni asubuhi tu, oili bado nzito, ipashe moto kwanza. Ikiendelea ikiwa ya moto, punguza sailensi, kisha rudia kipimo cha raba bendi.

Swali: Kwa hiyo leva niing'oe kabisa?
Jibu: Iache, ndugu yangu. Ukitaka kuinua gurudumu la mbele upite gogo, bado utaibana, uongeze mafuta, uachie. Pia mafuta yakikwama juu, leva ndiyo njia ya haraka ya kukata nguvu.

Swali: Mimi ndiyo naanza. Nijifunzie hii moja kwa moja?
Jibu: Dada, ushauri wangu ni uanze na ya kawaida mpaka mkono uzoee. Siku utakapopanda pikipiki ya mwenzako hutahangaika. Ila kama mkono wa kushoto una jeraha au unakosa nguvu, anza na hii bila wasiwasi.

Swali: Nimetoka kwenye mchanga mzito, nasikia harufu ya kuungua.
Jibu: Simama, iache ipoe. Ukifika, badilisha oili na fungua kava. Pleti za chuma zikiwa zimegeuka rangi ya buluu, au zimepinda ukizilaza juu ya kioo, weka mpya, kisha useti leva upya kabla hujaiendesha.