Mnakuja Tanga familia nzima? Soma hii kabla hujabuku vyumba

Kila shule zikifungwa, mwezi wa sita na wa kumi na mbili, watu wanashuka Tanga na ukoo mzima, baba mama watoto watano bibi na dada wa kazi, halafu wanafika mapokezi usiku wanaambiwa chumba kimoja mwisho watu wawili. Inauma jamani, mmetoka Dar kilomita kama 350 watoto wameshachoka wanalia na hela mliyopanga haitoshi tena.

Kwa hiyo kabla hujashika simu panga kwanza nani analala na nani. Bibi na wajukuu wa kike, wazazi na mtoto anayenyonya, wavulana wakubwa peke yao. Ukishajua hivyo ndio unajua unataka vitanda vingapi, na vitanda ndio kila kitu, ukisema tu "nataka vyumba vitatu" utapewa vitatu kweli lakini kila kimoja na kitanda kimoja. Uliza futi. Sita kwa sita mama na watoto wawili wadogo wanalala bila shida, nne kwa sita huyo ni mtu mmoja na katoto basi. Uliza pia kama kuna chumba chenye vitanda viwili au vyumba vilivyopakana, maana mtoto wa miaka saba hutamweka ghorofa ya juu na wewe uko chini.

Wengi wanasema "tutaongezewa godoro". Sawa, ila uliza godoro ni bure au linalipiwa, na neti yake iko wapi. Neti ya hotelini inafunika kitanda tu, yule wa chini ndio anaachiwa mbu usiku kucha, na huku pwani mbu wapo na joto lipo, feni nayo imeelekezwa kitandani. Mimi huwa nawaambia wageni wangu waje na neti moja ya ziada na kamba, haina uzito wowote.

Kwenye apu kama Booking.com jaza idadi kamili na umri wa watoto, usifiche wawili ili bei ishuke, mtakuja kubishana mlangoni. Halafu ukishaona hoteli umeipenda piga simu, ongea na mtu, mwambie tuko tisa tunakaa siku nne, nipe bei ya jumla. Bei hapo inaongeleka kabisa hasa siku za katikati ya wiki. Chai ya asubuhi usiisahau! Sehemu nyingi bei ya chumba ina chai ya watu wawili, sasa nyie mko watatu wanne chumba kimoja, huyo wa tatu analipiwa kila asubuhi na kwa siku nne ni hela. Waambie waiingize kwenye bei kabisa.

Kama mna vijana wa kiume wakubwa jua kwamba gesti nyingine zimebandika tangazo kabisa, wanaume wawili hawalali chumba kimoja. Sema mapema kwamba ni ndugu, wakikataa tafuta pengine.

Kwa maoni yangu mkizidi saba nyumba nzima ya kupanga kwa siku ni bora kuliko hoteli. Mnapata jiko na sebule, mnaenda soko la samaki Deep Sea asubuhi mnapika wenyewe, watoto wanakula muda wanaotaka. Uliza tu maji yapo muda wote na luku ananunua nani. Raskazone kumetulia na bahari iko karibu, Ngamiani ni rahisi zaidi na chakula kiko kila kona ila uliza kama jirani kuna baa, bibi hatalala. Na bibi mchukulie chumba cha chini, choo cha kukaa.

Wakitaka advansi tuma kwa namba ya biashara, na kabla hujaweka namba ya siri angalia jina linalotokea, likiwa jina la mtu usiyemjua piga kwanza hotelini uulize. Meseji ya muamala itunze, na mwombe mtu wa mapokezi akuandikie WhatsApp vyumba vingapi, vitanda vingapi, bei gani na chai ya watu wangapi. Mkija na basi mtashukia Kange, ni nje kidogo ya mji, watu tisa na mabegi bajaji moja haiwatoshi, kwa hiyo hapohapo kwenye simu waulize kama wana Noah ya kuwafuata na ni shilingi ngapi.