Lamu hadi London: namna ya kupima masafa na muda wa kuruka

Usipime kwa ramani ya ukutani. Ramani bapa hutanua nchi za kaskazini, ukakadiria njia ndefu kuliko ilivyo. Tafuta tufe la dunia na uzi. Bana ncha moja Lamu, vuta uzi ukaze hadi London, kisha uulaze juu ya ikweta uhesabu digrii. Utapata kama 64. Kila digrii ni kilomita 111, basi masafa ni takriban kilomita 7,100.

Kwa kupitia Nairobi, njia inarefuka kidogo: Manda, kisiwa chenye uwanja wa ndege wa Lamu, hadi Nairobi ni kama kilomita 450, na Nairobi hadi London kama 6,840.

Sasa muda. Jeti kubwa hukata kilomita 900 kwa saa. Gawa 6,840 kwa 900, utapata saa 7 na dakika 36. Ongeza nusu saa ya kupaa na kutua, na nyingine kwa ajili ya kona za njia na upepo, maana juu ya Ulaya upepo mkali hutoka magharibi. Mabaharia wetu wanalijua hili: bahari ni ile ile, lakini kwenda na kaskazi si sawa na kulikabili. Kwa hiyo hesabu saa 8 na nusu hadi 9 za kwenda. Kurudi mara nyingi hupungua kidogo.

Usitoe saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika. Tiketi huandika saa ya kila mji. Ukiondoka Nairobi 23:30 (saa tano na nusu usiku) ukafika 06:30, utadhani umeruka saa 7, kumbe ni 9 kama tofauti ya saa ni 2. London iko nyuma yetu kwa saa 2 kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na saa 3 miezi iliyobaki.

Linalowaponza wengi ni tarehe. Tiketi ikisema Ijumaa 00:10, hiyo ni saa sita na dakika kumi za usiku wa kuamkia Ijumaa. Sisi tunaohesabu siku kuanzia magharibi tunauita huo usiku wa Ijumaa, na ni sawa kabisa. Lakini anayeelewa kwamba ni Ijumaa baada ya isha atafika uwanjani ndege ikiwa imeondoka karibu siku nzima nyuma. Alhamisi saa tatu usiku uwe umeshapanga foleni.

Kabla ya kulipa, angalia ndege ya Manda inatua wapi Nairobi. Nyingine hutua Wilson, na ya London huondoka Jomo Kenyatta. Kati yake kuna barabara yenye foleni za magari, na kama tiketi ni mbili mbalimbali, hakuna atakayekungoja. Acha pengo la saa 6. Manda nako fika saa nzima kabla, na uhesabu muda wa boti ya kuvuka kutoka gatini.

Mizigo pia uliza mapema. Ndege ndogo mara nyingi huruhusu kilo 15 tu, na hupendelea mikoba laini. Sanduku gumu la kilo 23, linalokubalika kwenye ndege ya London, litakwamia kwenye mizani ya Manda.