Kuunga klasta ya mashine 4 za mtumba, na kuipima hadi namba zikubalike

Anayetaka kufanya utafiti wa mifumo sambamba (kazi moja kugawiwa prosesa nyingi kwa wakati mmoja) hapa Dar hana haja ya kusubiri seva ya chuo. Desktop nne za mtumba zilizoungwa zifanye kazi kama moja, yaani klasta, zinatosha. Mwaka 1994 Thomas Sterling na Donald Becker waliunga kompyuta 16 za kawaida pale NASA, wakaziita Beowulf, na utaratibu haujabadilika sana. Kuunga kwenyewe ni kazi ndogo. Kinachokula muda ni kupata vipimo ambavyo msimamizi wako hatavipangua, na vingi hupanguliwa na RAM, waya na joto kabla hata programu haijaangaliwa.

1. Kununua

Kariakoo tafuta desktop za ofisi zenye Core i5-4590. Ina kori (viini vya kuchakata ndani ya prosesa) 4 halisi na haina hyper-threading, ile mbinu ya kuifanya kori moja ionekane mbili, hivyo hakuna kori za kivuli za kukuchanganya. Zote nne zifanane.

Fungua kifuniko kabla hujalipa. Nyingi huja na kijiti kimoja cha RAM cha GB 8. Omba ubadilishiwe upewe viwili vya GB 4. Kijiti kimoja cha DDR3-1600 hupitisha GB 12.8 kwa sekunde, viwili vikikaa kwenye chaneli tofauti hupitisha 25.6. Programu inayopitia safu kubwa za data hujaza njia ya kijiti kimoja kwa kori moja au mbili, zilizobaki zinapanga foleni. Halafu mtu anaandika kwenye tasnifu kwamba algoriti yake haiongezeki kasi, kumbe tatizo ni kijiti.

Ongeza swichi ya gigabiti yenye milango 8. UPS ndogo ya VA 650 haitabeba mashine nne zikifanya kazi kwa nguvu, kwa hiyo ichomekee mashine ya kwanza na swichi tu. Hiyo ya kwanza ndiyo itakayoshika faili za wote: ikizimika, nyingine zote zinaganda.

2. Waya

Kwangua waya mdogo wa ndani ya kebo ya netiweki kwa wembe. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, rudisha. Gigabiti hutumia nyaya zote 8, wakati megabiti 100 hutumia pini 1, 2, 3 na 6 pekee. Kwa hiyo waya wa bluu au wa kahawia usiposhika vizuri kwenye plagi, netiweki inaendelea kufanya kazi, ila inashuka kimyakimya hadi 100. Kagua kila mashine (jina la kadi ya netiweki, hapa `eno1`, lipate kwa `ip link`):

`sudo ethtool eno1 | grep Speed`

Kisha pima kasi kwa `iperf3` kati ya kila jozi ya mashine. Megabiti 940 hivi kwa sekunde ni sawa. Ukipata 94, rudi kwenye plagi.

3. Mfumo

Weka toleo lilelile la Ubuntu kote, pamoja na `openssh-server`, `openmpi-bin` na `libopenmpi-dev`. Hizo mbili za mwisho ni Open MPI, programu inayoziwezesha mashine kugawana kazi kwa kutumiana ujumbe (MPI). Mtumiaji awe na namba moja kila mahali, la sivyo NFS, mfumo wa kushirikiana faili kupitia netiweki, itamkatalia faili zake mwenyewe:

`sudo adduser --uid 1500 mpi`

Kwenye `/etc/hosts` andika majina ya mashine, n1 hadi n4, na anwani zao (hapa zote ni 192.168.50.x), na ufute mstari wa `127.0.1.1`. Ukiuacha, mashine inaweza kujitambulisha kwa wenzake kwa anwani ya ndani, na kazi ikaganda bila kosa lolote kuonekana. Kwenye n1 weka `nfs-kernel-server`, na ndani ya `/etc/exports`:

`/home/mpi 192.168.50.0/24(rw,sync,no_subtree_check)`

Nyingine ziwekee `nfs-common`, kisha ziunganishe folda hiyo mahali palepale. Tengeneza ufunguo wa SSH (wa kuingia mashine nyingine bila nenosiri) mara moja tu kwenye n1 na uuongeze kwenye `authorized_keys`. Folda ni moja, wote watauona.

4. Kuendesha

Faili `mashine` iwe na mistari minne, `n1 slots=4` na kuendelea. Halafu, `./kazi` ikiwa programu yako:

`mpirun --hostfile mashine -np 16 --bind-to core --mca btl_tcp_if_include 192.168.50.0/24 ./kazi`

Kipande cha `btl_tcp_if_include` usikiruke, hasa kama Docker (programu ya kuendesha programu nyingine ndani ya makontena) imewekwa, kwa sababu Open MPI inaweza kujaribu kupitia kadi ya netiweki ya bandia ya Docker. Ikiganda bado, angalia kama `ufw`, ukuta wa ulinzi wa Ubuntu, inazuia milango ya mawasiliano.

5. Joto

Chumba kisicho na AC mwezi Januari kitakuharibia namba. Safisha vumbi, badilisha pesti ya prosesa, kisha endesha `stress-ng --cpu 4 --timeout 10m` huku ukitazama `sensors`. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 inajipunguzia kasi yenyewe. Zima pia turbo, yaani prosesa kujiongezea kasi yenyewe:

`echo 1 | sudo tee /sys/devices/system/cpu/intel_pstate/no_turbo`

Ikiachwa, kori moja peke yake hukimbia hadi GHz 3.7, zote nne zikifanya kazi zinashuka. Hapo unalinganisha prosesa mbili tofauti bila kujua.

6. Kupima

Muda wa msingi uwe wa programu bora isiyo sambamba, si ya MPI iliyowekewa `-np 1`. Rudia mara 10, tupa ya kwanza, chukua kipimo cha katikati (median).

Kanuni ya Amdahl ya 1967 inasema asilimia 5 ya kazi isipogawanyika, kori 16 zitakupa kasi mara 9.1 tu. Lakini sehemu hiyo huijui mapema. Karp na Flatt, 1990, walionyesha namna ya kuitoa kwenye vipimo vyenyewe, e ikiwa sehemu hiyo, S ongezeko la kasi na p idadi ya kori:

e = (1/S − 1/p) / (1 − 1/p)

Tuseme umepata kasi mara 3.5 kwa kori 4, 6 kwa kori 8, na 8 kwa kori 16. Thamani za e ni 0.048, 0.048 na 0.067. Mbili za kwanza zinalingana: hiyo ni kazi isiyogawanyika. Kupanda kwa ile ya tatu ni gharama ya mawasiliano au mgawo usio sawa. Kabla ya kugusa algoriti, unganisha ujumbe mdogomdogo uwe mmoja mkubwa, upime tena kwa kori 16.