Unanunua nyumba halafu mwenyewe anabaki kama mpangaji? Fanya hivi

Hapa Kigoma, hasa Ujiji na Gungu, unakuta mzee anauza nyumba ila anaomba abaki kidogo, labda wajukuu wanamalizia shule au ya kuhamia haijaezekwa. Inawezekana kabisa.

Kwanza nenda ofisi ya ardhi ukafanye sachi, yaani wakuangalizie kumbukumbu za hiyo nyumba, usikie kama kuna mkopo au kesi. Halafu ridhaa ya mwenza jamani, Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mtu kuuza nyumba ya familia bila mwenzake kukubali, kwahiyo mke asaini, na hapa usimuonee mtu aibu maana wengi wanalizwa hapa hapa.

Mkataba fanya miwili, wa kuuziana na wa kupanga, tofauti kabisa, wakili ashuhudie, la sivyo kesho wanakwambia ulimkopesha tu na nyumba ilikuwa dhamana. Kodi, muda, nani anaziba bati likivuja, luku, vyote andika. Na usimlipe yote, bakiza kiasi mpaka akabidhi funguo, na hicho kiasi kiandikwe kwenye mkataba wa kuuziana.

Uhamisho wa hati anza mapema, usisubiri ahame.